Moyo wa Kijusi Kwenye Ultrasaundi: Wiki ya 6, ya 12 au ya 20?

Karatasi ya majibu ya ultrasaundi ikiandikwa kwamba mapigo ya moyo yapo, 156 kwa dakika, nyumba nzima hufurahi, na ina haki ya kufurahi. Hata hivyo, maneno hayo yamejibu swali moja tu kati ya mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Yanasema kwamba moyo unapiga. Hayasemi kwamba moyo umejengeka sawasawa. Kijusi ambacho upande wa kushoto wa moyo wake haukukua kinaweza kuwa na mapigo 156 yaliyopangika vizuri kabisa, kwa sababu mtoto aliye tumboni hatumii mapafu yake: oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma na kiungamwana, na damu yake hupita njia za mkato ambazo hufungwa baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo anaweza kuzaliwa na uzito mzuri na kilio kikubwa, kisha akaanza kubadilika rangi siku ya pili au ya tatu, njia hizo zinapoanza kuziba.

Mjamzito anayetaka kujua habari za moyo wa mwanawe ana nyakati tatu za kuchagua: wiki ya 6 hadi ya 9, wiki ya 11 hadi ya 13 na siku 6, na wiki ya 18 hadi ya 22. Mwenye uwezo na hospitali nzuri jirani anaweza kuzipitia zote. Wengi hawana nafasi hiyo, na kwao swali ni kipi kitangulie na kipi kinaweza kuachwa. Wiki zinazotajwa hapa zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni vizuri kuiweka kando hesabu ya miezi, maana mimba ya miezi mitatu kwa mmoja ni wiki ya 10 na kwa mwingine ni wiki ya 14, na katika kipimo hiki wiki chache hubadilisha kabisa kinachoweza kuonekana.

Wiki ya 6 hadi ya 9: unapiga au haupigi

Moyo ndicho kiungo cha kwanza kufanya kazi mwilini. Huanza kupiga takriban siku 22 baada ya mimba kutunga, wakati bado ni mrija tu, haujawa na vyumba wala vali. Katika wiki ya 6 kinachoonekana kwenye kioo cha mashine ni duara jeusi la mfuko wa mimba, ndani yake pete ndogo nyeupe ya kifuko cha kiini, na ubavuni mwa pete hiyo doa la milimita chache linalopepesa kama taa ya kandili inayokaribia kuishiwa mafuta. Kupepesa huko ndiko kunakotafutwa. Kasi yake huanza chini, kati ya mapigo 100 na 120 kwa dakika, hupanda hadi karibu 170 ifikapo wiki ya 9, kisha hushuka polepole hadi kama 150 wiki ya 14. Mapigo yaliyo chini sana katika siku hizo za mwanzo, tuseme chini ya 90, humfanya daktari aitazame mimba kwa hadhari na kumwita mama arudi, bila kutoa hukumu.

Kipimo cha wakati huu kina faida kubwa kwa mwenye maumivu ya tumbo au anayetokwa damu, kwa kuwa humhakikishia kwamba mimba imetunga ndani ya mji wa mimba wala si kwenye mrija. Kina faida pia kwa aliyewahi kuharibikiwa mimba mara kadhaa, na kwa asiyejua kabisa mimba ina umri gani, kama vile aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha au muda mfupi baada ya kuacha sindano ya uzazi wa mpango. Kwa mwanamke asiye na dalili yoyote, kwenda wiki ya 6 mara nyingi humletea wasiwasi badala ya utulivu. Tarehe zikikosewa kwa siku tano tu, moyo hauonekani, na mtu anarudi nyumbani akilia kwa ajili ya mimba ambayo haina tatizo.

Kwa sababu hiyo madaktari wamejiwekea mipaka migumu kabla ya kutamka kwamba mimba imekufa. Katika kipimo cha kupitia ukeni, kiinitete kinapaswa kufikia urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo yoyote, au mfuko wa mimba ufikie wastani wa milimita 25 bila kiinitete ndani yake. Chini ya vipimo hivyo jibu sahihi ni kusubiri na kurudia, kwa kawaida baada ya siku 7 au zaidi. Anayeambiwa asafishwe kizazi siku hiyo hiyo kwa sababu moyo hauonekani, ilhali karatasi yake inaonyesha kiinitete cha milimita 4, na hali yake mwenyewe ni nzuri, ana kila sababu ya kuomba kipimo cha pili kwa heshima na kwa msimamo.

Ya juu ya tumbo au ya ndani

Hapa kuna uchaguzi mwingine ndani ya uchaguzi, na ndio unaowapa kina mama aibu na maswali mengi. Kipimo cha juu ya tumbo hufanywa kwa kupaka jeli na kupitisha kichwa cha mashine juu ya ngozi. Katika wiki za mwanzo huhitaji kibofu kilichojaa, na ndiyo maana wanawake huambiwa wanywe maji mengi na kuvumilia kwenye benchi. Kipimo cha ndani hutumia kichwa chembamba kilichovikwa mpira, kinachoingizwa ukeni, na huhitaji kibofu kitupu. Kwa kuwa kichwa hicho kinakaribia sana mji wa mimba, hutumia mawimbi ya masafa ya juu zaidi, na picha yake huwa kali kiasi cha kuonyesha mapigo kama wiki nzima kabla ya kipimo cha juu ya tumbo.

Kabla ya wiki ya 10 kipimo cha ndani hushinda bila ubishi. Baina ya wiki ya 11 na ya 14 mambo hugeuka: kijusi kimepanda, kinajigeuza, na kichwa cha mashine kilichomo ukeni hakiwezi kuzungushwa kwa uhuru kutafuta pembe nzuri ya kifua. Wapimaji wenye uzoefu huanza na tumbo, wakaongeza cha ndani pale tu picha inapokataa, hasa kwa mama mwenye mafuta mengi tumboni au ambaye mji wake wa mimba umelalia nyuma. Kufikia wiki ya 20 cha ndani hakina nafasi tena katika kuuangalia moyo. Hofu kwamba kinaharibu mimba haina msingi. Hakifiki kwenye mfuko wa mimba, kinaishia chini ya mlango wa kizazi.

Kuna hofu nyingine inayostahili kuondolewa kwa sentensi chache, kwani chanzo chake ni kibao cha mlangoni. Hospitali nyingi zimeiweka ultrasaundi katika idara ya mionzi, jirani na chumba cha eksirei, kwa hiyo mama hudhani anapigwa mionzi. Ultrasaundi ni mawimbi ya sauti isiyosikika, hayana mionzi hata kidogo. Tahadhari ya kweli iko mahali pengine: aina ya Dopla inayosikilizisha mkondo wa damu hukusanya nguvu nyingi sehemu moja na inaweza kupasha tishu joto, kwa hiyo katika mimba changa haitumiki ovyo. Kasi ya moyo wa wiki ya 7 hupimwa kwa mchoro wa mwendo, ule mstari wa mawimbi unaochorwa kwenye kioo bila sauti. Mama anayemwomba mpimaji amsikilizishe mlio wa moyo wa wiki ya 7 anaomba jambo ambalo mpimaji makini atalikataa. Mlio huo unaweza kusubiri: Dopla ndogo ya mkononi huunasa kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12, na kile kipembe cha mkunga, alichokibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 na ambacho bado kipo katika zahanati zetu, huanza kusaidia kuelekea wiki ya 20.

Wiki ya 11 hadi ya 13 na siku 6: kuangalia umbo mapema

Kuta zinazogawanya moyo huwa zimekamilika kufikia wiki ya 10, kwa hiyo kuanzia ya 11 kuna umbo la kutazamwa. Taabu ni udogo wake. Moyo wa wiki ya 12 una upana wa milimita 5 hadi 8, yaani choroko nene au kunde moja, unaopiga mara mbili na zaidi kila sekunde, ndani ya kijusi kisichokubali kutulia. Ndani ya kunde hiyo mpimaji anatakiwa aone vyumba vinne, ukuta ulio katikati, na mishipa miwili mikubwa ikitoka na kupishana.

Kwa hiyo hutafuta mambo machache yenye uzito. Kwanza ni kama tumbo la chakula na ncha ya moyo viko upande mmoja, wa kushoto. Pili ni mwelekeo wa moyo: kwa kawaida ncha huelekea kushoto kwa pembe ya takriban nyuzi 45, na moyo ulionyooka katikati au uliolala mno kando ni dalili ya kuchunguza. Kisha huwashwa Dopla ya rangi kwa muda mfupi, na hapo jambo la kupendeza hutokea: damu inayoingia vyumba vya chini huonekana kama mistari miwili inayolingana, iliyotenganishwa na ukuta mweusi. Ukiona mstari mmoja badala ya miwili, chumba kimoja hakifanyi kazi au ukuta wa kati una pengo kubwa. Juu zaidi, aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, na mfereji unaotoka kwenye ateri ya mapafu, ambao ni mojawapo ya zile njia za mkato, hukutana kama herufi V, upande wa kushoto wa koo la pumzi. Mtu asiyewahi kusoma udaktari, akionyeshwa picha mbili, ya kawaida na yenye mstari mmoja, ataiona tofauti. Kazi ngumu ni kuipata picha yenyewe.

Katika wiki hizi hizi kuna kipimo kingine kinachohusu moyo bila kuugusa. Nyuma ya shingo ya kila kijusi kuna utando mwembamba wa majimaji, na unene wake hupimwa pale kijusi kinapokuwa na urefu wa milimita 45 hadi 84 kutoka utosini hadi makalioni. Kypros Nicolaides na wenzake katika hospitali ya King's College, London, walionyesha mwaka 1992 kwamba majimaji hayo yakizidi, uwezekano wa kasoro za kromosomu huongezeka. Baadaye ikabainika kwamba hata pale kromosomu zinapokuwa salama, unene wa milimita 3.5 au zaidi huendana na kasoro za moyo mara nyingi kuliko kawaida. Kinyume chake si kweli, na hapa ndipo watu huteleza: chini ya nusu ya vijusi vyenye kasoro kubwa za moyo ndivyo vyenye majimaji mengi shingoni, kwa hiyo shingo nyembamba si cheti cha moyo mzima.

Kipimo hiki cha mapema hukamata kasoro gani? Katika mikono iliyofunzwa, kidogo zaidi ya nusu ya zile kubwa: moyo ambao upande wake mmoja haukukua, pengo kubwa la katikati linalounganisha vyumba vyote vinne, vali iliyoziba kabisa. Hukosa matundu madogo ya ukuta wa chini, na hukosa pia kasoro ambazo bado hazijatokea. Sababu hii ya pili haielezwi vya kutosha. Vali ya aota inayobana, aota inayokuwa nyembamba, uvimbe wa misuli ya moyo, hayo yanaweza kuanza wiki ya 16 au ya 28, na mpimaji wa wiki ya 12 hana kosa kwa kutoyaona, kwa kuwa siku hiyo hayakuwepo.

Tukumbuke pia kwamba anayeweza kufanya uchunguzi huu kwa uhakika ni yule aliyejifunza hasa. Mashine ya kawaida ya kituo cha afya hupima umri wa mimba vizuri sana katika wiki hizi, lakini haikukusudiwa kutenganisha mistari miwili ya damu ndani ya kunde. Tangazo la kliniki linaloahidi kuangalia moyo wa mtoto wiki ya 12 huenda likamaanisha kuhesabu mapigo tu, na ni haki ya mteja kuuliza kabla ya kulipa.

Wiki ya 18 hadi ya 22: kipimo kinachobeba mzigo

Kufikia wiki ya 20 moyo una upana unaokaribia sentimita 2, mifupa ya mbavu bado haijawa migumu kiasi cha kutupa vivuli, na maji yaliyomzunguka mtoto yanatosha kupitisha sauti vizuri. Ni wakati ambao kila kitu kimekubaliana. Nchini Uingereza huduma ya taifa ya afya imeweka uchunguzi wa maumbile kati ya wiki ya 18 na ya 20 na siku 6, na Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito, lilishauri kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Shauri hilo halikulenga moyo pekee, lakini mwenye kipimo kimoja tu akikifanya wiki ya 20 amelitimiza na moyo ameupa nafasi yake bora.

Kinachotofautisha kipimo kizuri na cha kupita ni mishipa inayotoka. Picha ya vyumba vinne hupatikana kwa urahisi, na mpimaji mwenye haraka hukomea hapo. Lakini kuna kasoro ambayo aota na ateri ya mapafu zimebadilishana nafasi, na ndani ya vyumba vinne kila kitu ni shwari. Huonekana tu ukifuatilia mishipa hiyo inavyotoka na kukuta kwamba inakwenda sambamba badala ya kupishana. Mtoto wa namna hiyo, akijulikana kabla ya kuzaliwa, huzaliwa karibu na hospitali inayoweza kumtundikia dawa ya kuzuia ule mfereji usizibe na kumpeleka kwa wapasuaji. Upasuaji wa moyo kwa watoto unafanyika katika ukanda wetu, ukiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala, ila mtoto aliyezaliwa zahanati ya mbali bila yeyote kujua huwa na saa chache mno za kufika huko.

Hata wiki ya 20 ina mambo isiyoyaweza. Tundu kati ya vyumba vya juu na ule mfereji wa ateri ya mapafu ni vya kawaida kwa kila mtoto aliye tumboni, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kabla ya kuzaliwa kwamba havitafunga. Matundu madogo ya ukuta wa chini nayo hupenya, na mengi kati yake huziba yenyewe.

Nani achague kipi

Kwa mama asiye na tatizo, ambaye mkoba wake unaruhusu kipimo kimoja, ushauri wangu ni wiki ya 20, hata kama hamu ya kuona inawaka mapema. Akiweza viwili, cha kwanza kiwe kati ya wiki ya 11 na ya 13, kwa ajili ya tarehe sahihi, idadi ya watoto na unene wa shingo, na asikilipie kwa matumaini ya kumaliza habari ya moyo. Mwenye damu, maumivu au historia ya mimba kuharibika aende mapema bila kusubiri wiki yoyote.

Wapo ambao kwao kuangalia umbo la moyo mapema kunastahili gharama na safari hadi hospitali ya rufaa. Wa kwanza ni aliyezaa mtoto mwenye kasoro ya moyo, kwa kuwa uwezekano wa kurudia ni asilimia 2 hadi 3, ilhali kwa watu wote ni karibu asilimia 1. Wa pili ni mwenye kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, hasa kama sukari haikudhibitiwa katika wiki za kwanza, ambazo ndizo moyo hujengwa. Wa tatu ni anayetumia dawa kama valproate kwa ajili ya kifafa, na dawa hiyo isiachwe ghafla bila daktari. Wapo pia waliopata rubela mimba ikiwa changa, wenye mapacha wanaogawana kondo moja, na ambao kijusi chao kimeonekana na majimaji mengi shingoni. Kwa hao kipimo cha wiki ya 13 ni bora kuliko cha 11, kwani wiki mbili za kukua huuongeza moyo kwa kiasi kinachoonekana.

Mama mwenye kingamwili ziitwazo anti-Ro, ambazo wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huwa nazo mara nyingi, ni kesi ya pekee. Kwake umbo la moyo linaweza kuwa zuri, shida ikawa umeme wa moyo kukatika na mapigo kushuka hadi 60 au 70, na hilo hutokea zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 24. Kipimo kizuri cha wiki ya 12 hakimwambii chochote kuhusu hatari hiyo. Anahitaji eko, yaani ultrasaundi ya moyo, za kurudiarudia katika wiki zile.

Na aliyeambiwa wiki ya 13 kwamba moyo una walakini asipokee neno hilo kama la mwisho, wala asilifiche nyumbani. Utaratibu wa kawaida ni kurudia picha kuanzia wiki ya 16 kwa mtaalamu wa eko ya vijusi, kuzungumzia uchunguzi wa kromosomu, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down, inayotokana na kromosomu moja ya ziada, huzaliwa na kasoro ya moyo, na kurudia tena wiki ya 20 hata kama picha ya 16 imetoka safi. Siku hiyo ya 20 aende na karatasi zote za awali mkononi, na kabla hajashuka kitandani amuulize mpimaji jambo moja: mishipa miwili inayotoka kwenye moyo ameiona ikipishana? Kama jibu ni kwamba mtoto amelala vibaya, huambiwa atembee kidogo, ale kitu, na arudi kitandani baada ya nusu saa.